Kesi ya Kupimia Mawakili

Pale Bunda, ukishuka kwenye basi la Mwanza ukavuka barabara kabla wauza mahindi hawajakuzingira, utaliona benchi la mbao nene wanaloliita Mizani. Limewekwa palepale ulipokuwa mzani wa chama cha ushirika, enzi zile pamba ilipokuwa na mnunuzi mmoja na sabuni haina muuzaji hata mmoja. Siku hizi wanunuzi wamejaa, kila mmoja na mzani wake wa kuning'iniza mtini, na kila mzani na maoni yake. Mbele ya benchi lundo la mitumba limemwagwa juu ya turubai, mashati ya Wazungu waliokufa au waliochoka kuyavaa, chagua mwenyewe. Nyuma kuna ukuta wa kinu cha pamba, ambacho zamani kilinguruma usiku na mchana na sasa kinanguruma kikijisikia. Na hapo katikati wanakaa wanaume ambao kinu kiliwastaafisha kabla hawajachoka, wanakunywa kahawa ya Masatu na kuamua mambo ya nchi ambayo hayajawahi kuwaomba yaamuliwe.

Siku hiyo jambo lililoletwa Mizani lilikuwa Boke.

Boke mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye ncha ya benchi na kikombe mkononi, begi kati ya miguu. Wanawake hawakai Mizani. Yeye alikalishwa kwa sababu ana digrii ya sheria ya Mlimani, na wazee walikuwa wamekubaliana kwamba digrii inaondoa baadhi ya vikwazo. Alikuwa mtoto pekee wa mzee Wanzagi, yule aliyekuwa mpima pamba wa ushirika, na jioni ile alitakiwa kupanda basi akaripoti kwa wakili wa kumfundisha kazi. Kilichobaki ni kujua anapanda basi la kwenda wapi.

Maana wakili haendi sokoni kujitangaza moja kwa moja kutoka chuoni. Lazima akae kwanza chini ya wakili mkubwa, abebe majalada yake, aone anavyosimama na anavyokaa. Boke alikuwa ameshachagua anachokitaka: kutatua migogoro. Mahakama zilikuwa zimeletewa utaratibu mpya, kwamba watu wenye kesi wakalishwe kwanza wasuluhishwe, ndipo wakishindikana wasikilizwe. Wenzake wengi waliucheka utaratibu huo. Walitaka mabenki na makampuni yaliyokuwa yanauzwa. Yeye aliupenda, na hakumwambia mtu kwa nini.

Kosa lake lilikuwa kuuliza. Kutoka Dar alimwomba baba yake amchunguzie ofisi za mawakili huku nyumbani, Musoma na Mwanza: ni watu wa namna gani, msichana anaweza kukaa humo kwa heshima, wanafundisha kweli au wanatumia wanafunzi kununulia chapati. Baba mwingine angeuliza watu wawili watatu, yakaisha. Wanzagi akalipeleka Mizani.

Na Mizani wakaunda kesi.

Wazo lilitoka kwa mzee Ryoba, anayeitwa Kifungu kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo na tangu hapo hawezi kuomba chumvi bila kutaja kifungu. Alisema ng'ombe wa kulimia hachaguliwi kwa kutazamwa pembe, anafungwa jembe. Wakili naye afungwe jembe. Apelekewe kesi, aonekane anavyoivuta. Kwa bahati mbaya, msimu ule hakuna mtu Mizani aliyekuwa na kesi. Mzee mwingine wa benchi, jina lake Kwangu, alijitolea yake ya mbuzi, lakini ile alikuwa ameikatia rufaa mara nyingi mpaka mbuzi mwenyewe akafa kwa uzee, ndiyo maana wanamwita Rufaa. Ndipo Wanzagi na jirani yake Mniko wakasema, tuachieni sisi.

Hawa wawili walitahiriwa msimu mmoja huko kwao upande wa Butiama. Waliingia kinuni wiki moja. Wamejenga jirani, nje kidogo ya mji, na katikati ya nyumba zao kuna kipande cha shamba la muhogo ambacho anayekuwa na nguvu mwaka huo ndiye anayekilima. Na kwao mtu wa rika lako humpeleki barazani. Unaweza kumtukana, unaweza kumnyima salamu msimu mzima, lakini ukimsimamisha mbele ya watu kama mshtakiwa, hata ukishinda umeshindwa. Hiyo ndiyo sababu walichaguliwa. Wawili hawa hawawezi kugombana kweli. Kifungu alitoa uamuzi kwamba mwiko haujaguswa, kwa kuwa hawashtakiani, wanapima mawakili.

Wanzagi akaenda Musoma kwa wakili mwenye sauti nzito, Mizani wakambatiza Ngurumo, akadai kile kipande cha muhogo ni chake. Mniko akaenda Mwanza, kwenye ofisi ya mawakili watatu yenye zulia jekundu kuanzia mlangoni, wao wakaiita Zulia, akasema si cha Wanzagi, ni chake. Nauli na pesa ya kufungulia jalada zilipatikana kwa njia ambayo Mizani hawakupenda kuieleza. Mshindi angepewa Boke. Walidhani zikishaandikwa barua mbili tatu watafuta kesi wakicheka. Lakini ng'ombe ukishamfunga jembe haulizi kama unatania. Kesi ikafunguliwa, ikapangiwa siku, na siku hiyo Mizani nzima ilivaa mashati ya Jumapili ikaenda mahakama ya wilaya kutazama.

Tangu siku ile Mniko hajakanyaga Mizani.

Boke hakujua kwa nini. Baba yake alimwambia tu kwamba yeye na Mniko wameachana njia, na kwamba achague wa Musoma. Usiku uliopita alimuuliza tena, akajibiwa kwamba muhogo wa mwaka huu mchungu. Sasa alikaa akisikiliza, huku akijua kitu kimoja ambacho wazee walikuwa wanakizunguka: akienda kwa Ngurumo, amesema Mniko ndiye mkosaji, Mniko aliyemfundisha kuendesha baiskeli, ambaye yeye humwita baba mkubwa. Akienda Zulia, amemhukumu baba yake mzazi. Wakili ambaye hajaanza kazi, na tayari hukumu iko mkononi mwake.

— Mimi nasema Zulia, alisema Kwangu. Tusidanganyane. Wapiganapo tembo, nyasi ndiyo malipo ya wakili. Sasa kama ni hivyo, si ukae na yule mwenye nyasi nyingi?

— Methali hiyo haisemi hivyo, baba Kwangu, Boke akasema.

— Ya kwenu Mlimani haisemi. Ya Bunda inasemaga.

Wanzagi alikuwa amekaa katikati, mikono juu ya fimbo, anatazama barabara. Alisema bila kugeuka kwamba Ngurumo aliongea mpaka karani akaacha kuandika, akabaki anasikiliza kama yuko kanisani. Kifungu akakubali, kwa haki, kwamba sauti ile haikuwa ya kawaida. Akaongeza kwamba kioo cha dirisha la mahakama kina ufa, na ufa ule yeye hakuuona asubuhi. Masatu, akipita na birika, alisema kwao Kiriba kuna mzizi watu wanatafunaga kabla ya kuita jina la mtu ng'ambo ya ziwa, na mtu anaitika. Huyo wakili, kwa vyovyote, amefika Kiriba.

— Mzizi si sheria, alisema Kifungu. Lakini sheria haikatazi mzizi.

Kwangu hakutaka kushindwa na mzizi. Alisema nguvu ya Zulia iko kwenye zulia lenyewe. Mteja anavuliwa viatu mlangoni. Akishakanyaga kwa unyayo mtupu, uongo wote aliotoka nao nyumbani unamtoka unabaki chini, ndiyo maana rangi yake nyekundu. Mniko mwenyewe alisema, alipotoka mle alijisikia mwepesi. Halafu kuna chumba cha ndani. Katika chumba cha ndani kuna kompyuta.

Hapo hata Wanzagi aligeuza shingo kidogo.

— Kompyuta imefundishwa sheria zote, Kwangu aliendelea. Wanaingiza jina lako tu, la ubatizo na la ukoo. Inatoa makosa yako, kuanzia yale ya utoto. Inatoa mpaka ambayo hujatenda, ili wakae wanakusubiri.

Boke alicheka. Alikuwa hajacheka tangu ashuke basi, na kicheko kile kilimfanya Kwangu ajione yuko kortini, jaji amempa kichwa.

— Unacheka, mama. Sasa niambie, bila mashine wangejuaje? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Na wakili wa Zulia akaitafuta hiyo nguo mpaka akaipata. Ile habari ya shuka nani mwingine...

Akanyamaza. Alinyamaza vibaya, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Kifungu alikohoa. Masatu akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

— Shuka gani? Boke akauliza.

Mwuza mitumba hapo mbele alikuwa anapiga makofi na kuita wateja kwa wimbo, na wimbo ule ukaonekana una kelele kuliko dakika moja iliyopita.

— Baba. Shuka gani?

Wanzagi aliweka kikombe chake chini kati ya miguu, taratibu, kama kwamba kikombe ndicho kilichoulizwa.

Lakini Boke alikuwa ameshajua. Katika maisha yake kulikuwa na shuka moja tu linaloweza kuzungumzwa mahakamani. Alikuwa darasa la tano mama yake alipofariki, mwaka ule mbaya, duka la ushirika lina chaki na majani ya chai, na watu wanavaa magunia wakienda shamba ili nguo ya kanisani isiishe. Nguo mpya ilikuwa habari, mtu akiipata anaificha. Waliokufa mwaka ule wengine walizikwa na mapazia. Mama yake yeye alizikwa na shuka jeupe, jipya kabisa, lenye maua madogo ya bluu kwenye pindo. Mikunjo ilikuwa bado haijatoka. Boke alikumbuka mikunjo ile kuliko uso: miraba iliyonyooka juu ya mwili uliolala, kama daftari jipya. Baada ya mazishi baba yake alimwambia, nilimtafutia mama yako shuka, nilikwenda mpaka Musoma, nikalipata. Maneno hayo Boke alisoma nayo. Alikwenda nayo sekondari, akaenda nayo Mlimani, na huko, wasichana wenzake walipokuwa wakisimulia baba zao walivyo, wenye magari na wenye wake wengi, yeye aliwasimulia hilo. Baba yangu, mwaka ambao nchi nzima haina nguo, alimpatia mama yangu shuka.

— Kifungu, akasema Boke, na hakumwita mzee. Kilisemwa nini?

Kifungu aliwahi kukaa barazani miaka mingi, na kuna maswali ambayo mtu wa aina hiyo hawezi kuyakwepa hata akitaka. Alieleza kwa sauti ya chini, akitazama viatu vyake. Wakili wa Zulia alitaka kuonyesha kwamba kile kipande cha muhogo Wanzagi aliazimwa tu, kwa wema. Basi kule ofisini alikuwa amemuuliza Mniko: huyu bwana umewahi kumsaidia kitu kingine? Mniko, ambaye tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumkalisha kwenye kiti kizuri akamwambia ataje mema yake, akataja. Hakutaja kwa ubaya. Aliulizwa, akajibu. Siku ya kesi wakili akasimama, akamwonyesha Wanzagi kwa kalamu.

— Akasema, mheshimiwa, mdai huyu hata sanda ya mke wake alipewa na mteja wangu. Leo anataka na ardhi.

Kifungu akamalizia:

— Mtu mmoja wa nyuma akacheka. Hatumjui. Alikuja na kesi yake nyingine.

Kwangu alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi. Alijaribu kusema kwamba hata hivyo Mniko alisimama palepale, akamshika wakili wake koti, akamwambia hilo hapana, hilo usiseme. Hakimu akamwamuru akae. Lakini neno lilikuwa limeshafika kwa karani.

Boke alilipima jambo lile jinsi alivyofundishwa, kwa sababu ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kutolia mbele ya wanaume. Wakili hakukosea. Hapo ndipo palipouma. Alimuuliza mteja wake swali sahihi, akapata jibu la kweli, akalitumia mahali pake. Kwenye mtihani angepata alama. Yeye mwenyewe angekuwa kwenye kiti kile angeuliza swali lilelile, tena angefurahi kulipata jibu.

Ndipo baba yake alipofungua mdomo.

— Nilikwenda Musoma, alisema. Nilikwenda kweli, mama.

Alisema akiitazama barabara.

— Nilidandia lori la mafuta. Nikazunguka kwa Wahindi wote, nikaenda mpaka kwa masista. Sikupata. Nikarudi hivi hivi, mikono mitupu, nafika nyumbani giza limeingia, namkuta Mniko mlangoni kasimama na hilo shuka. Hata sikumwomba. Akaniambia, mtoto akikuuliza, sema umelipata Musoma.

Benchi lote likawa linasikiliza. Walikuwa wameisikia kesi, hili walikuwa hawajalisikia.

— Yeye ndiye alinipa hayo maneno. Amenitunzia miaka yote hiyo. Tumelewa pamoja, tumegombana, hajawahi hata kunikonyeza. Halafu anakwenda kumpa mtu mwenye tai.

Boke alitaka kumshika mkono, lakini mikono ya baba yake ilikuwa imeibana ile fimbo kama yuko ndani ya mtumbwi. Alitaka kumwambia kwamba kwenda Musoma na kukosa ni safari ndefu kuliko kwenda na kupata. Alijua asingelisema vizuri, akaliacha.

Hali ile ilimshinda Kifungu. Kuna watu wakiona msiba wanatafuta kazi ya mikono, yeye alitafuta hoja. Alisema, ili kukamilisha rekodi, kwamba kulikuwa na ofisi ya tatu. Haikuhesabiwa kwa sababu ilifeli mapema.

— Ipi hiyo? Boke aliuliza, kwa vile ilikuwa rahisi kuuliza hilo.

Ilikuwa Musoma, karibu na mwalo wa Mwigobero, wanaposhusha samaki, juu ya duka la nyavu. Wakili ni mwanamke, mama mtu mzima anaitwa Esta, hana zulia wala sauti. Walisikia anashughulika na huo utaratibu mpya wa kusuluhisha, kwa hiyo Wanzagi na Mniko walikwenda kwake kwanza, kabla ya wengine, tena walikwenda pamoja kwenye baiskeli moja toka stendi, jambo ambalo Kifungu aliona sasa halikuwa la busara kwa wadaawa. Yule mama aliwasikiliza. Akamwomba Mniko asubiri nje. Akamuuliza Wanzagi: ukishinda, huyu mwenzako atahamia wapi? Akamtoa Wanzagi, akamwita Mniko, akamuuliza hilohilo. Mniko akaangua kicheko. Wanzagi kule nje aliposikia mwenzake anacheka, naye akacheka. Mama akawaambia waende nyumbani wakanywe kahawa, na wasimwambie mtu yeyote kwamba wana kesi, asije akawapa.

— Tukampa sifuri, alisema Kwangu kwa unyonge. Wakili anayefukuza wateja! Ni kama kinyozi anayekushauri ufuge nywele.

— Alisema, asije akawapa? Boke aliuliza.

— Alisemaga hivyo.

Boke alitazama begi lake. Alisema, polepole, kwamba basi atakwenda kwa huyo mama, kama atampokea.

Wanzagi alitikisa kichwa. Hakuna anayemjua yule, alisema. Hajawahi kushinda kesi. Watu watauliza, binti ya Wanzagi yuko wapi, tuseme yuko juu ya nyavu? Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeomba kitu huku anaona aibu kukiomba.

— Nenda kwa Ngurumo, mama. Yule amesema atalijibu lile neno. Kesi ikiitwa tena atalijibu.

— Atalijibu na nini, baba?

— Mniko naye ana yake. Mimi nayajua.

Na hapo Boke aliona jinsi mambo yalivyo. Baba yake alikuwa na neno la Mniko, lolote lile, limekaa miaka mingi mahali salama, na Ngurumo alikuwa ameshauliza swali sahihi. Kesi ya muhogo ilikuwa imekwisha zamani. Iliyobaki ilikuwa kila mmoja kumvua mwenzake hadharani, kipande kwa kipande, mpaka wote wabaki uchi mbele ya yule mtu wa nyuma anayecheka. Na yeye, mtaalamu wa kutatua migogoro, ndiye waliyeianzishia.

— Umeshamwambia? aliuliza.

Wanzagi alitikisa kichwa, kidogo sana. Bado.

Ilikuwa wakati huo ndipo Masatu aliposema, bila kumwambia mtu, kwamba mama Dafroza yule anakuja.

Dafroza alikuwa mke wa Mniko, mwanamke mrefu, mwembamba, wa kanisa la asubuhi, na katika miaka yote ya Mizani hajawahi kuvuka barabara kuja pale. Akimtaka mume wake alikuwa anasimama upande wa pili anakohoa. Sasa alivuka. Alikuwa amejifunga khanga mbili na hakubeba chochote, hata kapu, ili watu wasiseme alikuwa anapita. Wanaume wakasogea, kila mmoja upande wake, mpaka katikati ya benchi pakawa na nafasi ya kukaa watu watatu. Hakukaa.

Walisalimiana zile salamu ndefu za watu wasiojua la kusema baadaye. Habari za nyumbani, habari za jua, mihogo, mifugo. Boke alisimama akampa shikamoo kwa mikono miwili. Dafroza akamshika uso, akamwambia amekonda, huko Dar hawali? Kisha akamgeukia Wanzagi, na Wanzagi akatazama kahawa yake.

— Mwenzako hakunituma, shemeji, Dafroza alisema. Ajue nimekuja atakasirika.

Wanzagi alisema, mm.

— Anaamka kila siku anavaa shati. Anafika hapo kwenye ukuta wa kinu. Anasimama. Halafu anarudi, ananiambia ameona kuna watu wengi. Jana nikamfuata kwa nyuma. Hakukuwa na watu, ulikuwepo wewe na Masatu.

Alizungumza kwa utulivu, kama anayesimulia ugonjwa wa mtu kwa mganga na hataki kuongeza kitu.

— Anataka kuja. Kesi anasema atakubali kushindwa hata kesho, lichukue shamba lote, chukua na nyumba. Lakini anauogopa mdomo wake. Anasema kwa mara ya mwisho alipoufungua kwa nia njema umeona kilichotokea. Ananiuliza mimi, mama fulani, nikifika pale nianze na neno gani? Mimi sijui. Nimefikiri usiku mzima. Ndiyo nikasema niwaulize nyie, nyie ndio wenye maneno.

Akawatazama mmoja mmoja.

— Akifika hapa, aanze na neno gani?

Kwangu alifungua mdomo. Kila mtu alimwona akitafuta methali, akizipitia moja moja kama mtu anayepapasa mifuko, na kila mtu alimwona akiikosa. Kifungu aliinua kidole cha kwanza, akakiangalia, akakishusha. Pole ni ya mtu aliyefiwa. Samahani ni ya mtu aliyekukanyaga mguu. Katika lugha yao ya nyumbani yako maneno ambayo watu wa rika moja huambiana wakikosana, lakini yale yanataka useme umekosa nini, tena mbele ya mashahidi, na hapo ndipo utalitaja tena lile shuka.

— Na wewe mwanangu, Dafroza akamwambia Boke. Si ndiyo hayo umesomea?

Boke alikumbuka hatua zote. Msuluhishi anawakaribisha wahusika. Msuluhishi anaeleza kanuni. Kila upande unapewa nafasi ya kueleza bila kukatizwa. Alizijua kwa mpangilio, angeweza kuziandika pale mchangani kwa kidole. Alimtazama yule mama, mikono yake mirefu iliyoshikana juu ya khanga, na ndipo likamjia jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitaja, si wakili wala Kifungu wala baba yake: katika nyumba ile mwaka ule, shuka jipya lenye maua, ambalo halijawahi kutandikwa, lisingeweza kuwa la Mniko. Lilikuwa la mwanamke. Lilikuwa limekunjwa ndani ya sanduku na mikono hii.

Alitaka kumwambia asante. Lakini kulitaja lile shuka pale, mbele ya Kwangu na Kifungu na Masatu na baba yake, kungekuwa ni kulisema hadharani mara ya pili.

Akasema tu:

— Sijui, mama mkubwa.

Wote wakamtazama Wanzagi, kwa kuwa yeye ndiye angeambiwa hilo neno, na pengine alijua ni lipi analoweza kulisikia. Wanzagi alikuwa ameinama. Midomo yake ilicheza kidogo, kama ya mtu anayejaribu kitu, akakiona hakitoshi, akajaribu kingine.

Dafroza alisubiri. Alisubiri kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu mwanamke kusimama mbele ya wanaume waliokaa. Kisha akajifunga upya khanga ya juu.

— Basi, alisema. Nitamwambia bado mnafikiri.

Akavuka barabara, akashika njia ya ukuta wa kinu. Hakuna aliyesogea kuziba nafasi ile katikati ya benchi. Basi la Musoma likaja likapiga honi, utingo akashuka akauliza nani anakwenda, Boke akaliacha begi chini, na utingo akajibiwa na mwuza mahindi. Masatu akainua birika kuona amwongezee nani, akaona vikombe vyote bado vimejaa.